Mama Tekiniki na Mashine Iliyohama Nusu

Ukifika kwenye redio yetu hapa Baraka, kando ya ziwa, ukamkuta Mama Tekiniki amekaa, ujue ni mgonjwa. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na mara chache nilizomwona amekaa nilimuuliza kama ana homa. Kazi yake aliifanya wima, mkono mmoja kwenye meza ya sauti, mwingine ukikaza kitenge kiunoni, jicho moja kwenye kompyuta na jingine dirishani. Dirisha hilo linatazama barabara ya Fizi, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya Misisi, na pikipiki zinazotoka kwenye mashimo ya dhahabu huingia mjini kwa kupita hapo. Kiti alikuwa nacho, tena kizuri kuliko changu mimi mtangazaji, lakini alikitumia kuwekea mfuko.

Mfuko nao una habari zake. Ulikuwa ule wa plastiki wenye mistari, ambao kila nyumba ya huku inao. Ndani mlikuwa na kitenge, sabuni, tochi, vyeti vyake vilivyofungwa kwa nailoni, na bisibisi. Watu wa Fizi tumekimbia vita mara nyingi, sina haja ya kueleza. Utulivu ukirudi, wengi wetu hufungua mifuko tukatundika nguo ukutani. Yeye hakuwahi kufungua wake. Nilimtania kwamba panya watakuja kuzalia humo, naye akanijibu bila hata kunitazama, kwa jina la mtangazaji kama alivyoniita siku zote, "Animateur, we cheka tu. Siku bataanza kupiga masasi, utaniomba tochi."

Alikuwa ndiye idara nzima ya ufundi: antena, betri za sola, jenereta, nyaya na kompyuta. Ndiyo maana kila mtu alimwita Mama Tekiniki, kuanzia mkurugenzi hadi wamama wanaouza ndagala, dagaa wa ziwa, mbele ya mlango wetu. Jina lake la ubatizo wengi hawakulijua. Mimi nalijua, ila hapa sitalitaja, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hageuki ukimwita kwalo.

Kanisani walimjua kwa namna yao. Jumapili alisali kwa Wakatoliki, katikati ya wiki kwa Waprotestanti, na kote alisimama nyuma karibu na mlango na kutoka kabla ya matangazo. Hakuna aliyethubutu kumkemea, maana vipaza sauti vya pande zote mbili vilikuwa mikononi mwake. Ziwa aliliogopa kupita kiasi, hakuwahi kupanda mtumbwi nikamwona, lakini samaki mukeke wa kuchoma alimla mpaka kichwa, akinyonya mifupa huku akilalamika kwamba ziwa litatumaliza sote.

Kuondoka ndio uliokuwa wimbo wake. Kila mara alisema mwezi ujao hatutamwona. Mara anakwenda Uvira, mara Kalemie, mara ng'ambo Kigoma kwa ndugu zake, yeye asiyepanda mtumbwi. Mwaka mmoja alisema kwa ukali hata tukaamini, tukachanga, tukapika bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki, mkurugenzi akatoa hotuba ya kumuaga. Alikula vizuri, akatushukuru. Kesho yake asubuhi tulimkuta juu ya paa akifuta vumbi kwenye sola na kutugombeza kwamba tumeacha betri zikauke maji.

Nilimuuliza siku hiyo, kwa hasira kidogo maana hotuba niliiandika mimi, "Mama, unaenda ao hauendi?"

Akashuka ngazi polepole. "Nikienda, ule mutoto atanitafuta wapi? Ye anajua ku redio tu."

Huyo "mutoto" alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu. Alikuwa mwanawe wa pekee, aliyekwenda Misisi kuchimba dhahabu kama vijana wengi. Mwanzoni alipiga simu, kisha simu ikawa haipatikani, kisha namba ikawa ya mtu mwingine. Nyumba za kupanga za mama yake zilibadilika mno hata asingeweza kuzifuata, lakini redio haikuwahi kuhama. Kwa hiyo mama alisimama pale pale miaka yote, na miguu yake haikutulia. Pikipiki yenye vumbi jekundu ikipiga honi nje, Mama Tekiniki alitoka, hata kama nilikuwa hewani, hata kama wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Mara nyingi nilijikuta nikizungumza peke yangu kujaza kimya, nikimlaani kimoyomoyo. Alirudi, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema, "Si ye," na kuendelea na kazi.

Kitu kingine alichokipiga vita ni clé, vile vijiti vya kuhamishia nyimbo. Kila kwaya ya Baraka na Nundu ilituletea nyimbo kwenye clé, na kila clé ilikuwa na virusi. Kompyuta ya studio iliugua kila msimu, mpaka Mama Tekiniki akafuta mfumo wa zamani wote na kuweka Linux. Tulinung'unika sana. Vitufe vilikuwa mahali tusipopazoea, na mimi nilisema wazi kwamba kama angetaka kutufukuza kazi angetuambia tu. Lakini mashine haikuugua tena. Siku moja pasta alileta clé yake akiishika kwa vidole viwili kwa heshima. Mama akaichomeka, akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Pasta, mu hii clé muko mapepo mingi kuliko yenye ulitoa siku ya yenga."

Pasta, aliyekuwa amekemea mapepo Jumapili, yaani hiyo yenga, alicheka mpaka akashika ukuta. Nyimbo zake zilisafishwa na zikapigwa jioni hiyo hiyo.

Na masikio yake, sijui niseme nini. Huku kwetu redio ndiyo inayobeba habari za familia: nani kafiwa, nani kajifungua, nani anatafutwa na ndugu zake. Zinasomwa kati ya nyimbo, na tunaziita komunike. Nyingi huja kwa simu mbovu kutoka milimani. Kuna wakati mtu alitutumia habari ya msiba, na jina la marehemu likamezwa na mvua iliyokuwa ikipiga bati huko alikosimama. Sisi wote tulisikiliza rekodi, hatukupata kitu. Mama Tekiniki alivaa vipokea sauti, akaipitisha, akairudisha, akapunguza huku na kuongeza kule, na mwishowe jina likatoka. Tangu siku hiyo sikuogopa tena simu mbovu. Nilijua kila kinachoingia kinarekodiwa, na kila kilichorekodiwa yeye anaweza kukichimbua.

Ndipo diski ya kompyuta ikaanza kugonga. Mlio ulikuwa mdogo, wa kucha ikigonga bati, lakini yeye aliposikia aliweka sikio kwenye mashine. Alituambia diski ikigonga hivyo haina muda mrefu. Mfumo wote ulikuwa humo, na sauti zote za miaka: hadithi za wazee kwa Kibembe, kwaya, komunike, salamu za wakimbizi wa Kirundi kwa watu wao. Diski nyingine ilipatikana Uvira kwa taabu. Siku ya kuhama ilikuwa siku ya kawaida, mchana, na mimi nilisimama karibu kwa sababu ya udadisi.

Alinifundisha bila mimi kuomba. Diski mpya aliikata vyumba, ambavyo wenyewe huviita partition, na kimoja akakitengeneza kiwe makao mapya ya racine. Racine ni mzizi, pale mafaili yote ya mashine yanapoanzia.

"Racine njo nyumba yote," akasema. "Bintu yote iko mule: programu, nyimbo, sauti ya bantu, hata ile mambo yako yenye unaandikaka mubaya."

"Basi nakili yote."

"Yote hapana!" Alinipiga begani. "Kuko yenye haihamake. Angalia hii, na hii." Alinionyesha majina ya mafolda matatu manne ambayo mashine huyatengeneza yenyewe kila inapoamka. "Hii njo moto ya jiko. Muntu anakimbia na sufuria, hakimbiake na moto. Unafika kule, unawasha ingine."

Akaandika amri yake ndefu, akiyaacha mafolda hayo nje kwa majina yake. Akaacha nje pia ile partition mpya, kwa sababu ilikuwa imefunguliwa ndani ya ile ya zamani, na bila kuikataza nakala ingejinakili ndani ya nakala bila mwisho. Wazo hilo lilimchekesha. "Mufuko, ndani mufuko, ndani mufuko, mupaka nyumba inapasuka," alisema, na mimi nikatazama ule wake kwenye kiti.

Alisisitiza pia kwamba kila faili lihame na mwenyewe wake na ruhusa zake. "Ukibeba ovyo-ovyo, unafika kule bintu yote imekuwa ya mukubwa moja, benye nyumba banagonga mulango habafunguliwe." Kisha akabonyeza, na majina ya mafaili yakaanza kuteremka kwenye kioo bila kusimama. Yeye naye hakusimama. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda kwenye betri, akarudi. Kazi ilipokwisha aliiandaa diski mpya iweze kuwasha mashine, akasugua mikono.

"Inabakia kantu kamoja," akasema.

Hapo honi ikalia nje. Pikipiki ya Misisi, nyekundu kwa vumbi tangu taa hadi mgongo wa dereva, na nyuma yake abiria mwenye ndevu. Mama Tekiniki alitoka mbio hata akamwaga kikombe changu cha chai. Nilimwona kupitia dirishani akimzunguka yule abiria, akimtazama usoni karibu sana mpaka mtu wa watu akarudi nyuma. Kisha akasimama barabarani kwa muda, bila kuangalia popote.

Aliporudi alifuta uso. "Si ye." Akazima mashine, akaiwasha kutoka diski mpya. Ikaamka bila tatizo, wimbo ukapiga, tukashangilia, mkurugenzi akampa mkono. Ile diski ya zamani aliiacha ndani ya mashine, akisema itatunza nakala ya akiba mpaka ife yenyewe.

Wiki zikapita. Msimu wa mvua ukaingia. Siku moja Mama Tekiniki alipanda Fizi mjini, juu mlimani, kwenye kazi ya antena, nami nikabaki na kipindi cha salamu cha mchana. Simu ililia, nikaiweka hewani kwenye kipaza sauti kama kawaida.

"Mama iko?"

Nilimjua kabla hajajitambulisha. Sauti ilikuwa ya mama yake, ila nzito. Nikamwambia amepanda Fizi, atarudi jioni, atupe namba. Alikuwa nyuma ya kelele nyingi, injini na watu.

"Mumuambie mi niko muzima. Natoka huku Misisi. Asinitafute tena huku, ameskia? Atanipata ku..." Kelele zikapanda, jogoo akawika karibu na simu, neno likapotea. Nilimwomba arudie. Simu ilikuwa imekatika.

Nilipiga ile namba. Akapokea mfanyabiashara wa Misisi, akasema kijana aliazima simu tu, ameshapanda pikipiki na mizigo yake, hajui alikoelekea. Nikasema asante. Sikuhangaika, nakiri nilikuwa na furaha kubwa. Rekodi ilikuwepo. Mama angevaa vipokea sauti vyake na kulitoa lile neno kwenye kelele.

Kabla jua halijashuka, wimbo ulikatika katikati na mashine ikaganda. Ile diski ya zamani iligonga mara kadhaa, ikanyamaza. Tulishangaa, maana kwa akili zetu diski hiyo haikuwa na kazi tena.

Mama Tekiniki aliingia na matope hadi magotini. Watu walikuwa wameshamwambia njiani kwamba mtoto amepiga, hata mlango hakuufunga. Nilimweleza yote, na habari ya mashine pia. "Si tulihama?" akasema, bila wasiwasi, akaiwasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe ukisema kwamba mashine inatafuta racine yake na haiioni. Aliusoma. Kisha nilimwona akivuta kiti changu, akakaa.

Kile kitu kimoja kilichobaki kilikuwa hicho. Kuna mistari michache kwenye faili dogo, na mingine kwenye ile sehemu inayowasha mashine, inayosema racine iko kwenye partition ipi. Mistari ilinakiliwa na vitu vingine vyote, ikiwa bado na anwani ya zamani. Kwa hiyo kila asubuhi mashine iliamkia kwenye diski mpya, ikasoma anwani, ikaenda kufanya kazi kwenye ile ya zamani, na kila tulichorekodi wiki zote zile kilikwenda huko. Alirekebisha ile mistari. Mashine ikaamka, ikidhani bado ni siku ile ya kuhama. Hadithi za wazee zilikuwepo, kwaya zilikuwepo, hata ile komunike ya mvua. Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

"Mashini haina kosa," alisema. "Nilibeba bintu yote, sikuiambia kama tumehama. Muntu hawezi kujua kama hawamuambie."

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumpiga mtu, yule dereva wa pikipiki kwa mfano, ambaye hakuwa na kosa lolote. Diski iliyokufa aliijaribu kwa kila mashine ya Baraka, na haikuamka. Mwishowe aliifunga kwa nailoni pamoja na vyeti, akaitia kwenye ule mfuko wa mistari.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu watu walitaka kusaidia. Kipindi kile husikilizwa na kila mtu, na kila mtu alikuwa amelisikia lile neno. Mama mmoja muuza ndagala aliapa kwamba kijana alisema Kilembwe. Mkulima mmoja wa Kirundi, ambaye hulima na redio ndogo shingoni, alisema hapana, Kalemie, na akaiga mpaka kikohozi cha kijana. Pasta alisikia Kigoma. Mkurugenzi alisikia jogoo. Mama Tekiniki hakubishana na yeyote. Alimleta kila mmoja studioni, akamsimamisha mbele ya maikrofoni, akasema, "Sema vile ulisikia," na akawarekodi wote. Mimi pia nilisimama pale, nikasema nilichosikia, ambacho hakikuwa kitu. Baadaye nilimkuta akizisikiliza sauti hizo kwa vipokea sauti, moja moja, akirudisha nyuma.

Alituma habari Kilembwe, alituma Kalemie, alituma ng'ambo. Hakuna jibu lililokuja, wala hakuacha kutoka nje kwa ajili ya pikipiki. Alizeeka. Aliacha kupanda paa, akawa anasimama chini na kumgombeza anayepanda.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa msimu huu, ziwa lilipopanda. Maji yaliingia mtaa wake kwanza kama mzaha, wamama wakifulia mlangoni, kisha yakala ukuta wa jiko. Binti wa dada yake, anayelima Nundu, alimtaka ahamie kwake, na safari hii hakukuwa na ubishi kwa sababu hakukuwa na nyumba. Alikuja redioni mchana, mfuko mkononi, viatu vimelowa.

"Animateur, nisomee komunike."

"Nani amekufa, Mama?"

"Hakuna mwenye amekufa. Mi nahama."

"Basi hama kwanza, Mama, ufike salama, nitaisoma jioni."

"Hapana!" Ilikuwa ile sauti ya zamani, ya juu ya paa. "Safari hii tunaandika kwanza, njo nahama."

Akaniamuru nichukue kalamu, akasimama nyuma yangu kuhakikisha naandika. Alitaja jina lake lote, lile la ubatizo. Alitaja Nundu, njia ya kushoto baada ya soko, nyumba ya binti wa dada yake, na mti wa mlimau mbele. Alitaja kwamba anayemtafuta asimtafute tena Baraka. Kisha akanitaka niahidi kuisoma kila siku ya salamu, hata kama yeye mwenyewe hayupo tena Nundu wala popote. Nikaahidi.

Nilifungua maikrofoni. Nilikuwa nimefika kwenye jina lake wakati pikipiki iliposimama nje, ikapiga honi mara mbili. Niliinua macho. Dirishani niliona vumbi jekundu, na mtu wa nyuma akishuka. Mama Tekiniki alikuwa ameiona kabla yangu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

"Soma," alinong'ona.

Nikasoma. Nundu, soko, njia ya kushoto, mlimau. Midomo yake ilikwenda pamoja na yangu, neno kwa neno, mpaka la mwisho. Nilipofunga maikrofoni, akafungua mlango akatoka kuangalia.